UZI: Mrema, kutoka kura milioni 1.8 mpaka chama cha mbunge mmoja. Nini hasa kilitokea NCCR na TLP?

Mlima Huru

Wakuu habari za jioni. Nyuzi kuhusu Mrema zimejaa humu na karibu zote zinaishia sehemu mbili, ama anachorwa shujaa aliyesalitiwa na wasomi wa chama chake cha upinzani, NCCR, ama anachorwa pandikizi aliyetumwa kuja kuua upinzani. Mimi siafiki pande zote mbili. Na nataka tuliongee hili vizuri kwa sababu yaliyompata Mrema kwenye vyama vidogo yamewapata wengine baada yake, na watu bado wanalaumu mtu mmoja mmoja badala ya kuangalia chama kilivyojengwa na sheria inavyolazimisha mambo.

Kwa wadogo zetu waliozaliwa juzi: Augustino Lyatonga Mrema, mtu wa Kiraracha, Marangu, alizaliwa 1944. Mwaka 1990 Mzee Mwinyi akampa Wizara ya Mambo ya Ndani na hapo ndipo jina lilipowaka. Ile "siku saba" yake haikuwa msemo tu, alikuwa anamsimamisha ofisa mbele ya wananchi wenye malalamiko, anamsikiliza huyu, anamsikiliza yule, halafu anatoa siku saba jambo liwe limekwisha. Watu walikuwa wanapanga foleni ofisini kwake na mambo ambayo hata si ya wizara yake, mirathi, ugomvi wa ndoa, mshahara haujalipwa, shamba limeporwa. Huko ni kukosekana kwa mahakama na ofisi zinazofanya kazi, ila mwananchi wa kawaida aliona serikali inamsikiliza kwa mara ya kwanza na huwezi kumlaumu kwa hilo. 1993 akapewa na unaibu waziri mkuu, cheo ambacho hata kwenye katiba hakikuwepo.

Desemba 1994 akahamishiwa Kazi, kila mtu akaelewa ameshushwa. Februari 1995 likaja suala la mfanyabiashara Chavda, zile pesa za mpango wa madeni zilizotakiwa kwenda kufufua mashamba ya mkonge Tanga. Mrema akasimama bungeni akaongea kinyume na serikali aliyokuwa waziri wake, na hapo hakukuwa na kurudi, uwaziri ukaisha. Wiki chache baadaye yuko NCCR-Mageuzi.

Sasa hapa ndipo nataka tukae.

NCCR ilikuwa nini kabla ya Mrema? Ilizaliwa kwenye vuguvugu la katiba la 1991, ni mawakili, wahadhiri, waandishi wa habari, vijana waliotoka kwenye migomo ya Chuo Kikuu. Mabere Marando ndiye mwenyekiti. Watu wenye akili sana na waliojitoa kweli wakati ambao kujitoa kulikuwa na gharama, ila hawakuwa na watu vijijini. Mrema alikuwa na watu nchi nzima na hakuwa na chama. Na sheria yetu haimruhusu mgombea binafsi, lazima udhaminiwe na chama kilichosajiliwa. Kwa hiyo wakakutana watu wawili ambao kila mmoja ana kitu ambacho mwenzake hana, na uchaguzi uko miezi minane mbele. Wakampa uenyekiti na ugombea urais kwa mpigo, Marando akashuka kuwa katibu mkuu. Mpangaji ameingia na samani nyingi kuliko mwenye nyumba, na hakuna aliyeandika mkataba.

Nani ni mwenye chama? Wale waliokisajili au yule aliyekiletea watu? Hilo swali halikujibiwa Machi 1995, likaachwa lijijibu lenyewe. Mimi naamini kila kilichofuata, ngumi, kesi, kuhama, kimetoka hapo.

Kampeni ya 1995 mnaijua. Watu walikuwa wanazima gari lake wanalisukuma kwa mikono kilometa na kilometa, nimeona vijana wamevua viatu wameshika mkononi ili wasukume vizuri. CCM ilitikisika mpaka Mwalimu Nyerere mwenyewe akarudi majukwaani kumnadi mgombea wake Mkapa. Matokeo: Mkapa asilimia 61.8, Mrema 27.8, yaani kura 1,808,616. Lipumba wa CUF 6.4, Cheyo wa UDP karibu 4. Na msisahau Dar es Salaam uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba ulivurugika ukafutwa ukarudiwa Novemba, wapinzani wakasusia.

Lakini angalieni bungeni. NCCR ilipata karibu asilimia 22 ya kura zote za ubunge na ikatoka na majimbo 16 kati ya 232. CUF ilipata kama asilimia 5 ya kura ikatoka na majimbo 24, kwa sababu kura zake zilikaa pamoja Zanzibar, hasa Pemba. Za NCCR zilitapakaa nchi nzima, unapata elfu kumi hapa, elfu kumi pale, unashindwa kote. Kwa hiyo chama kilichopata kura nyingi kuliko mpinzani mwingine yeyote hakikuwa hata chama kikuu cha upinzani bungeni. Hebu fikiria hasira iliyokuwa ndani ya vikao vyao baada ya hapo. Upande mmoja unasema bila Mrema tusingepata hata hizo 16, upande mwingine unasema tungekuwa na mpangilio wa majimbo badala ya kukimbizana na mikutano ya mgombea urais tungepata 40. Wote wana hoja! Na wakati watu wote wana hoja na hakuna kikao ambacho wote wanakiheshimu, kinachobaki ni nguvu.

1996 akashinda uchaguzi mdogo wa Temeke, akaingia bungeni. Badala ya kutuliza mambo ikawa ndio petroli, sasa mwenyekiti ni mbunge wa Dar, ana jukwaa lake, anatangaza mambo mkutanoni Jumamosi na Kamati Kuu inayasoma kwenye gazeti Jumatatu. 1997 kikao cha Tanga kikavunjika kwa vurugu. Baada ya hapo kukawa na NCCR mbili, ya Mrema na ya Marando, kila moja inajiita halali, zinagombania ofisi, ruzuku na nani anasaini hundi. Mambo yakaenda kwa msajili wa vyama, yakaenda mahakamani. Miaka miwili chama kilichotisha CCM kikawa kinatajwa kwenye habari za kesi tu.

1999 Mrema akachoka, akatimkia chama kingine, TLP (Tanzania Labour Party), na kundi kubwa la wafuasi, na kwa katiba yetu ukihama chama ubunge umekwenda, kwa hiyo Temeke ikaondoka hivyo hivyo. Ndio maana siamini habari ya kupandikizwa, mtu aliyepandikizwa halipii gharama hiyo.

Nitaendelea na TLP chini, ila nianze kusikia kwenu.

TemekeMwisho

Mkuu umeandika vizuri ila uchaguzi mdogo wa Temeke umeupita kama basi la mwendokasi. Mimi nilikuwepo, nilikuwa kijana wa kubeba viti vya mikutano. CCM walimsimamisha Abdul Cisco Mtiro na walimwaga kila kitu walichonacho, mawaziri walikuwa wanapita nyumba kwa nyumba Tandika na Mtoni. Na bado Mrema akashinda. Ule ushindi ulikuwa wa watu wa hali ya chini kabisa, wauza samaki, makuli wa bandarini, kina mama wa vitumbua. Hawa watu hawakuwa NCCR, hawakuwa na kadi, hawajui Kamati Kuu ni nini. Walikuwa wa Mrema. Halafu miaka mitatu baadaye wanaambiwa mbunge wenu hayupo tena kwa sababu amegombana na wenzake ofisini. Hivi mnajua ile ilituumiza kiasi gani? Kuna watu mtaani kwetu hawajawahi kupiga kura tena tangu siku ile, na siwalaumu. Wewe unasema alilipa gharama, sawa, ila gharama kubwa tulilipa sisi.

Mlima Huru

Mkuu TemekeMwisho nakubaliana na wewe kabisa hapo, na hiyo ndio sababu nataka watu waache kuongelea ugomvi wa NCCR kama mpira wa Marando na Mrema. Kulikuwa na watu nyuma yake.

Kada Mstaafu

Vijana mnasahau jambo moja. NCCR haikumpokea Mrema peke yake, ilipokea kila mtu aliyenuniwa CCM mwaka ule. Wasira alitoka CCM akagombea Bunda kwa NCCR akamshinda Jaji Warioba, mtu aliyekuwa waziri mkuu, kisha mahakama ikatengua na baadaye akarudi zake CCM na kuwa waziri. Dk Lamwai aliyechukua Ubungo kwa NCCR naye mwishowe alirudi CCM. Sasa nawauliza, chama ambacho nusu ya vigogo wake wameingia kwa sababu wamekosa nafasi kwingine, kitakuwa na itikadi gani ya kuwashika siku mambo yakiwa magumu? Mimi nilikuwa upande wa pili kipindi hicho na nawaambia kwa moyo safi, 1995 tuliogopa sana. 1997 tulikuwa tunalala usingizi, hakuna aliyehitaji kutuma pandikizi, walikuwa wanamalizana wenyewe.

Dada wa Konde

Shikamoo mzee Kada. Lakini naona unakwepa kidogo. Mazingira ya wakati ule ukiyatoa hadithi inakuwa nyepesi. Mikutano inazuiwa na polisi, kiongozi anafunguliwa kesi juu ya kesi, ruzuku inagombaniwa na msajili ndiye anaamua nani halali, na msajili anateuliwa na rais ambaye ni mwenyekiti wa CCM. Kwenye hali hiyo watu wanaanza kushukiana, kila anayetofautiana na wewe kikaoni unamwona katumwa. Sisi huku Pemba tumeyaona hayo hayo CUF baadaye, 2016 na kuendelea, Maalim Seif upande huu na Profesa Lipumba upande ule, na mwisho Maalim akahamia chama cha ACT 2019 na watu wake wote. Ni ile ile ya Mrema 1999, tofauti Maalim alikuwa na chama kilichojengwa shina kwa shina, kwa hiyo watu walihama kwa mpangilio, matawi yalibadilisha rangi kwa siku chache. Mrema aliondoka na mapenzi ya watu bila mashina.

Kada Mstaafu

Marahaba binti yangu. Ya mazingira sikatai.

Mlima Huru

Dada wa Konde umegusa penyewe, mashina. Hapo ndio TLP inapoingia.

TLP ilikuwepo kabla ya Mrema, mwasisi wake Leo Lwekamwa, chama kidogo ambacho wengi hawakukijua. Mrema anaingia, anakuwa mwenyekiti. Yaani kosa lile lile la 1995 limerudiwa vile vile, chama cha watu wengine, mtu mkubwa anaingia, anapewa kiti cha juu, waasisi wanabaki wageni kwao. Uchaguzi wa 2000 Mrema akapata asilimia 7.8 na TLP ikapata majimbo manne, wakati NCCR aliyoiacha ilibaki na moja. Kwa macho ya haraka unaweza kusema Mrema ameshinda ule ugomvi. Lakini ukijumlisha hivyo vyama viwili, kura za 1995 zilikuwa zimeyeyuka, na nguvu iliyobaki ilikuwa zaidi nyumbani Kilimanjaro. Jimbo la Vunjo akachukua Jesse Makundi, Moshi Vijijini akachukua Thomas Ngawaiya, wote TLP. Baadaye Ngawaiya naye akakosana na mwenyekiti, akaishia CCM. Unaona? Wasomi wa Dar hawapo, Marando hayupo, na ugomvi upo pale pale.

Kwa hiyo siwezi kusema kosa lote ni la wasomi wa NCCR. Mrema alikuwa na tabia ya kutovumilia kikao. Alizoea wizara, unatoa amri inatekelezwa siku saba. Chama hakiendi hivyo, chama ni kubembelezana, ni kushindwa kura kwenye kamati leo na kesho kurudi kwenye kamati ile ile. Huo uvumilivu hakuwa nao, na wanaompenda, mimi nikiwemo, tunapaswa kulisema hilo waziwazi.

2005 ndio iliniuma. Asilimia 0.75. Kura hazikufika hata laki moja, kutoka milioni 1.8 miaka kumi tu nyuma. Wale watu hawakufa. Wengine walirudi CCM kwa Kikwete, wengine walikwenda kwa Mbowe wa Chadema, wengine kama anavyosema TemekeMwisho wakakaa nyumbani.

Mangi wa Himo

Mimi ni wa Vunjo, naomba niongezee la jimboni maana watu wa mjini wanaongea habari za kitaifa tu. Angalieni jimbo letu lilivyokwenda: 1995 Mbatia wa NCCR, 2000 Makundi wa TLP, 2005 Aloyce Kimaro wa CCM, 2010 Mrema mwenyewe wa TLP, 2015 Mbatia tena wa NCCR kupitia UKAWA, ule muungano wa wapinzani, 2020 Dk Kimei wa CCM. Chaguzi sita na kila uchaguzi chama kimebadilika! Hakuna aliyekaa vipindi viwili mfululizo. Watu wanasema Wachaga wa Vunjo hawaeleweki. Hapana, sisi tunaeleweka sana, tunataka barabara ya kupandisha ndizi na kahawa kutoka juu Kilema na Kirua isiwe utelezi kila masika, na tunataka maji ya mifereji. Mtu asipoleta tunamtoa.

Mrema wa 2010 mpaka 2015 nilimwona kwa karibu. Afya ilikuwa imeshamwacha, lakini alikuwa anakaa na watu, unamkuta Himo sokoni amezungukwa na kina mama kila mmoja na karatasi yake mkononi, anaisoma moja moja, anapiga simu pale pale. Hiyo kazi aliipenda kutoka moyoni. Bungeni walimpa Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa na kwenye kukaba wakurugenzi wa halmashauri alikuwa moto. Ila ofisi ya chama hapa kwetu? Ukiuliza katibu kata wa TLP ni nani watu walikuwa hawajui. Ukiuliza mikutano ya tawi hakuna. TLP ilikuwa ni yeye. Ndio maana 2015 vyama vinne vilipoungana upande wa pili hakuwa na cha kuwazuia nacho.

wakili_mtaani

Nashukuru mtoa mada kwa kutaja mgombea binafsi, maana wengi wanaliruka. Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, alilishikia bango tangu miaka ya tisini, Mahakama Kuu ikakubaliana naye, serikali ikabadilisha katiba kuzuia. Akarudi tena mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye tena, 2010 Mahakama ya Rufani ikasema hilo ni la Bunge sio la mahakama. Akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, Juni 2013 akashinda, wakasema kuzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki za raia. Mpaka leo kifungu bado kipo kwenye katiba. Sasa mchukue Mrema wa Februari 1995 umpe haki ya kugombea mwenyewe bila chama. Angegombea na wafuasi wake, NCCR ingesimamisha watu wake majimboni kwa mpangilio wake, wangeweza hata kushirikiana kwa makubaliano yaliyoandikwa. Hakuna ambaye angemeza mwenzake.

Na upande wa pili, sheria inamfunga mbunge, akifukuzwa uanachama anapoteza kiti. Hiyo ni silaha kali sana mkononi mwa mwenyekiti. Mbunge David Kafulila alifukuzwa NCCR Desemba 2011, ilibidi akimbilie mahakamani kuokoa ubunge wa Kigoma Kusini. Kwenye chama kikubwa silaha hiyo inatumika mara moja moja, kwenye chama chenye wabunge wanne au watano kumfukuza mmoja ni kukata robo ya chama, na bado wanafanya.

TemekeMwisho

Na huyo aliyekuwa mwenyekiti kipindi Kafulila anafukuzwa ni Mbatia. 2022 naye yakamkuta, Mei kasimamishwa na halmashauri kuu, Septemba mkutano mkuu Dodoma ukamvua uanachama kabisa, akaingia Haji Ambar Khamis. Mbatia akasema vikao sio halali. Ni maneno yale yale ya 1997.

Mlima Huru

Mwaka huo huo, Agosti 21, Mrema alifariki Muhimbili akiwa na miaka 77. Nilifikiria sana wiki ile kwamba hawa wawili waliopokezana Vunjo, mmoja tunamzika Kiraracha akiwa bado mwenyekiti wa TLP, mwingine anang'olewa NCCR.

Ya miaka yake ya mwisho nayasema kwa kifupi kwa sababu yananiumiza. 2016 Magufuli akamteua mwenyekiti wa Bodi ya Taifa ya Parole, akawa anapita magerezani kusikiliza wafungwa, kazi ambayo kusema kweli ilimfaa. 2020 TLP haikusimamisha mgombea urais, ikatangaza kumuunga mkono Magufuli. Wengi walimtukana. Mimi naona mzee mgonjwa mwenye chama kisicho na ruzuku wala mbunge, hakuwa na mahali pa kwenda zaidi ya kule alikotoka. Sikubaliani na ule uamuzi, ulikuwa vibaya kwa watu waliosukuma lile gari, ila naelewa ulivyofikiwa.

Dada wa Konde

Swali langu kwako mtoa mada, ungekuwa Marando Machi 1995 ungefanya nini? Maana ni rahisi kusema wangeandika mkataba. Umati uko nje unaimba jina lake, uchaguzi Oktoba, huna pesa, huna watu. Ungemwambia subiri?

Mlima Huru

Dada swali zuri na nimelifikiria kabla sijaandika. Nisingemwambia asubiri, ningempa ugombea urais siku ile ile na ningempigia kampeni usiku na mchana. Uenyekiti nisingempa. Mgombea ni wa uchaguzi mmoja, mwenyekiti ndiye mwenye vikao, fedha na nidhamu, na huwezi kumkabidhi mtu ambaye hajawahi kukaa hata kwenye kikao kimoja cha tawi lenu. Angekataa? Inawezekana, vyama vilivyomtaka vilikuwa vingi. Lakini NCCR ndio ilikuwa na jina na yeye alihitaji jina hilo vile vile.

Mzee Kada, wewe ulikuwa upande wa pili, unadhani angekubali?

Kada Mstaafu

Nilimfahamu kidogo. Angekataa wiki ya kwanza, ya pili angekubali. Ila hakuna aliyemjaribu.

Mangi wa Himo

Kama kuna mtu ana nakala ya katiba ya NCCR ya wakati ule, ile waliyokuwa wanaitumia 1995 kabla ya mgogoro, aiweke hapa tuone mwenyekiti alikuwa na madaraka gani hasa. Nyumbani kwetu kuna kadi ya marehemu baba tu, katiba sijawahi kuiona.